Mhitimu mpya anataka nini hasa kwa mwajiri: mshahara, bima au kufundishwa kazi?

#1 Mzee wa Faili
Wakuu salaam. Naajiri watu miaka mingi sasa, wengi wao ni waliotoka chuo moja kwa moja, na kuna jambo naomba tulijadili. Kwenye fomu tunawauliza unatarajia mshahara kiasi gani, wanaandika. Tukikaa kwenye intavyu tukafika pale pa "una swali lolote?" zamani walikuwa wanakaa kimya au wanauliza majibu yatatoka lini. Sasa hivi wanauliza nani atakuwa msimamizi wangu, nani atanifundisha, aliyekuwa kwenye hii nafasi ameenda wapi, bima inaanza siku ya kwanza au mpaka muda wa majaribio uishe. Wenzangu ofisini wanasema hawa vijana wanadeka. Mimi naona tofauti, naona pesa siyo kitu cha kwanza tena kwao, wanataka kukuzwa kikazi. Natakiwa kupeleka kwa wakubwa pendekezo la marupurupu mapya na sitaki tutupe pesa kwenye vitu ambavyo hakuna anayevitaka. Mliomaliza juzi, na nyie mliowahi kuajiri, semeni ukweli.

#2 Dogo Msomi
Mkuu hapo pa pesa siyo ya kwanza umeniacha njiani. Nimemaliza mwaka jana. Pesa ni ya kwanza, sema hatuiulizii kwa sababu tumeambiwa ukiulizia mshahara kwenye intavyu unaonekana una njaa. Nina mkopo wa masomo, nina wadogo zangu, na ukoo mzima unajua nimehitimu. Ukiona nakuuliza msimamizi ni nani ujue pesa umeshaipanga na siwezi kuigusa, kwahiyo nauliza vile ambavyo hujaviandika.

#3 Kipepeo Mweusi
Nakazia #2. Dogo kamaliza.

#4 Mwanatakwimu
Hili swali limeanza zamani. Mwanasaikolojia Frederick Herzberg mwaka 1959 alitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu kama 200 wa Pittsburgh, Marekani. Aliwaambia wasimulie kipindi walichoipenda sana kazi yao na kipindi walichoichukia. Akakuta vinavyochukiza na vinavyofurahisha ni makundi mawili tofauti. Mshahara, usimamizi, sera za kampuni, mazingira ya kazi, hivyo vikiwa vibaya mtu anachukia, vikiwa vizuri anatulia tu, haimaanishi anaipenda kazi. Kinachompa furaha ni kazi yenyewe, kufanikisha kitu, kutambuliwa, kupewa jukumu. Kwahiyo #1 na #2 mnaweza kuwa sahihi wote wawili, mmoja anaongelea kinachomzuia mtu kuondoka kwa hasira na mwingine kinachomfanya aamke na hamu.

#5 Fundi Mitambo
Umeeleza vizuri #4, ila hao wahandisi na wahasibu walikuwa tayari wana kazi! Mtu anayelipwa kila mwezi ana nafasi ya kukwambia anapenda kutambuliwa. Sisi tunamwongelea mtu ambaye hajawahi kupokea mshahara hata mmoja. Kwake mimi namuamini yule mwanasaikolojia Maslow na ile piramidi yake ya mahitaji ya binadamu, chini kuna chakula na malazi, juu kabisa ndo kutimiza ndoto. Mhitimu yuko ngazi ya chini, hawezi kuruka.

#6 Mwanatakwimu
Hoja ya kwanza naikubali, ni udhaifu wa kweli. Hiyo ya pili hapana. Makala ya Maslow ya 1943 haina piramidi, waliichora watu wengine baadaye. Na mule ndani kaandika wazi kwamba mpangilio haujakaza, wapo wanaougeuza, na hitaji moja halisubiri lijae asilimia 100 ndo lingine lianze. Mtu ana deni na bado anataka aheshimiwe, vyote siku hiyo hiyo.

#7 Fundi Mitambo
Shukrani kwa darasa. Ila kodi ya nyumba haisubiri heshima, hapo sitoki.

#8 Binti Hesabu
Naomba nitoe mfano wangu maana nadharia zimekuwa nyingi. Nilipomaliza nilipata ofa mbili zikakutana. Moja mshahara mkubwa, nikaomba mkataba nikaambiwa anza kwanza, makaratasi tutaweka sawa mbele ya safari. Ya pili mshahara mdogo kabisa ila kila kitu kimeandikwa, tarehe ya kulipwa, siku za likizo, muda wa majaribio ni miezi mingapi na nani atakutathmini, kazi zako ni zipi na zipi. Nilichukua ya pili na nyumbani walinisema sana. Waliosoma na mimi waliokwenda kule kwenye ile ya kwanza wengine walikaa muda mrefu bila kujua wao ni waajiriwa au wako majaribio, na mmoja aliumwa ndo akagundua hana bima. Kwahiyo Mzee wa Faili, mtu akikuuliza bima inaanza lini hadeki, kuna mwenzake yalishamkuta.

#9 Sauti ya Chini
#8 umegusa penyewe. Mi nilikuwa sehemu mshahara ulikuwa mzuri kwenye karatasi lakini unaingia pale bosi anapojisikia, mwezi huu tarehe 30, mwezi ujao tarehe 12, mwingine unalipwa nusu. Huwezi kupanga maisha, huwezi kuahidi mtu kitu, unaanza kukopa wakati una kazi. Nilipohama nilikubali pungufu kabisa ilimradi tarehe ni tarehe. Waajiri wanajadili chai ya bure na meza ya kuchezea mpira ofisini, sisi tunataka mshahara uingie siku iliyosemwa.

#10 Wakili Mtaratibu
Na hiyo siyo fadhila. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 95 wa 1949 kuhusu ulinzi wa mishahara, unasema mshahara ulipwe kwa vipindi vya kawaida na mtu ajulishwe masharti ya mshahara wake kabla hajaanza kazi. Likizo yenye malipo nayo ipo, Mkataba namba 132 wa 1970, kiwango cha chini wiki tatu kwa mwaka. Vijana wengi wanaulizia likizo kwa unyonge kama vile wanaomba zawadi.

#11 Jogoo la Asubuhi
Wakili, hiyo mikataba inaibana kila nchi?

#12 Wakili Mtaratibu
Inaibana nchi iliyoiridhia tu, na namba 132 haijaridhiwa na nchi nyingi. Kwahiyo cha kwanza soma sheria ya kazi ya nchi yako, ndiyo utakayosimama nayo mbele ya mwajiri. Hiyo mingine inakuonyesha dunia ilishakubaliana kiwango gani.

#13 Jogoo la Asubuhi
Sawa. Sasa mniruhusu nipingane na uzi mzima. Mimi ni mtu mzima, nimeanzia chini, hatukuuliza haya yote. Mwajiri akimlipa mtu vizuri mengine yote yanajipanga. Henry Ford, yule wa kiwanda cha magari Marekani, mwaka 1914 alitangaza dola tano kwa siku, karibu mara mbili ya walichokuwa wanalipwa, akapunguza na saa za kazi zikawa nane, watu wakajaa getini. Alikuwa na roho nzuri na alielewa kwamba mtu anataka pesa. Hakuna aliyeuliza nani atanilea kikazi.

#14 Mwanatakwimu
Mzee wangu, heshima yako, ila hiyo habari ina upande wa pili. Kabla ya hapo watu walikuwa wanakimbia kiwandani kwake kwa wingi wa ajabu, kazi ya mstari wa kuunganisha magari ilichosha, kila siku anafundisha wapya. Zile dola tano zilikuwa dawa ya hilo. Na hazikuwa mshahara mtupu, sehemu kubwa ilikuwa mgao wa faida wenye masharti, kampuni ilikuwa na idara ya kutuma watu majumbani kuangalia unaishije, unakunywa pombe, unaweka akiba. Halafu hili linahusu uzi wetu moja kwa moja: vijana wa chini ya miaka 22 hawakuingizwa mwanzoni, isipokuwa wenye watu wanaowategemea. Kwahiyo mgeni kazini wa umri wa mhitimu angeachwa nje.

#15 Jogoo la Asubuhi
Hilo la miaka 22 sikulijua, asante. Bado nasema pesa.

#16 Dogo Msomi
Mzee Jogoo tupo timu moja mimi na wewe, sikuamini kama siku hiyo itafika hahaha

#17 Binti Hesabu
Tukiwa hapo hapo kwenye pesa niongeze kitu ambacho wahitimu wengi hawakipigii hesabu. Mshahara wa kuanzia unakufuata. Nyongeza nyingi zinatolewa kwa asilimia ya ulichonacho, kwahiyo wawili wakianza siku moja, mmoja juu kwa asilimia 10, wakapewa nyongeza sawa kila mwaka, ile asilimia 10 haifutiki na kwa pesa taslimu pengo linazidi kukua. Ukihama kazi mwajiri mpya naye anakuuliza ulikuwa unalipwa ngapi. Ndo maana tangazo la kazi lisiloandika mshahara linaumiza zaidi mtu mpya, mzoefu anajua soko, mpya anabahatisha na huwa anataja chini kwa woga.

#18 Wakili Mtaratibu
Umoja wa Ulaya uliliona hilo, walipitisha agizo mwaka 2023 mwombaji aambiwe mshahara wa kuanzia au kiwango chake kabla ya kujadiliana, na mwajiri asimuulize alikuwa analipwa ngapi alikotoka.

#19 Mzee wa Faili
Nimesoma zote, asanteni sana. Hili la #17 linanigusa kwa sababu ni kweli huwa tunauliza. Ila naomba mnisaidie na hili, bajeti ya mshahara haipandi, siyo mimi ninayeamua. Kuna pesa kidogo ya marupurupu. Nikichagua kati ya bima nzuri, siku za kufanyia kazi nyumbani, na mafunzo, mngechukua nini?

#20 Kipepeo Mweusi
Kufanyia kazi nyumbani bila kufikiria mara mbili. Nauli na masaa ya barabarani ni mshahara pia. Na kazi inaenda, kuna utafiti ulifanyika China kwenye kampuni ya usafiri ya Ctrip, wafanyakazi wa kupokea simu wakapelekwa nyumbani kwa kura, utendaji ukapanda asilimia 13 na walioacha kazi wakapungua nusu.

#21 Mwanatakwimu
Huo utafiti ni wa Nicholas Bloom na wenzake, ulitoka 2015, namba zako ziko sawa. Ila walioruhusiwa kushiriki walikuwa tayari wana angalau miezi sita kazini na chumba chao cha kufanyia kazi nyumbani. Wageni kabisa hawakuwemo. Pia ukilinganisha watu wenye utendaji sawa, wa nyumbani walipandishwa vyeo kwa nadra zaidi, na majaribio yalipoisha wakaambiwa wachague upya, wengi walibadili uamuzi, upweke ukitajwa. Kwa mhitimu hayo mawili ni makubwa, kupanda cheo na kuwa na watu.

#22 Sauti ya Chini
Nathibitisha #21 kwa macho yangu. Mdogo wangu kazi yake ya kwanza ilikuwa ya nyumbani tangu siku ya kwanza. Akikwama anaandika ujumbe, anajibiwa jioni au hajibiwi, anaogopa kuuliza tena asionekane hajui. Ofisini ungegeuka tu ukamuuliza aliye jirani. Kuna vitu hufundishwi ila unavisikia, mkubwa anaongeaje na mteja aliyekasirika, barua ngumu inaandikwaje, kikao kikiharibika nani anasema nini. Huyu mtoto alikaa karibu mwaka hajui hata wenzake wanafananaje. Sasa yuko sehemu wanaenda ofisini siku kadhaa na nyingine nyumbani, kachangamka mpaka mama kauliza kulikoni.

#23 Kipepeo Mweusi
Basi nusu kwa nusu. Ila mniambie, hao wakubwa wa kusikilizwa wapo ofisini? Kwetu wapya ndo wanalazimishwa kuja, wakubwa wote wako nyumbani. Unakuja kukaa na viti.

#24 Fundi Mitambo
#23 uko sahihi, ukimleta mpya ofisini mlete na wa kumfundisha. Mimi nilipoanza kazi ya karakana nilipewa mzee mmoja, nilikuwa nabeba vifaa vyake na kuuliza maswali. Hakuna semina iliyonifikisha hapo. Kwahiyo kwa Mzee wa Faili, usinunue semina za hotelini. Mtafute mtu wako mzuri, mpunguzie kazi zake kidogo, mwongeze posho, mpe wanafunzi wawili. Na usiwape wengi, atachoka atawakimbia.

#25 Binti Hesabu
Mafunzo sawa, lakini bima jamani. Kwa kijana ambaye haumwi inaonekana haina maana mpaka siku moja. Na uliza inabeba nani, wewe peke yako au na mwenza na watoto, na wazazi kama sera inaruhusu. Wengi wetu mgonjwa wa kwanza kwenye familia siyo sisi, ni mzazi.

#26 Wakili Mtaratibu
Uzito wa bima ya mwajiri unategemea nchi. Palipo na matibabu ya umma yanayotosha, mhitimu hataiweka mbele. Marekani bima imefungwa sana na ajira, na chanzo kimojawapo ni vita vya pili vya dunia, serikali ilizuia mishahara kupanda mwaka 1942, waajiri wakaanza kuvutia watu kwa marupurupu ambayo hayakuzuiwa. Sheria yao ya 2010 ikaruhusu kijana abaki kwenye bima ya wazazi mpaka atimize miaka 26, kwahiyo huko mwenye miaka 22 na mwenye 27 wanaweza kuitazama ofa ile ile kwa macho tofauti kabisa.

#27 Ua la Jangwani
Samahani naingia kati. Mbona hakuna aliyetaja likizo ya uzazi? Mimi ni binti nimemaliza mwaka huu, nataka sana kujua kabla sijasaini lakini nikiuliza kwenye intavyu najua nimejichongea. Kuna sehemu niliulizwa mimi kama nina mpango wa kuolewa, nikajibu siyo karibuni, na nilitoka pale nimeishiwa nguvu kabisa. Wanaume mnaoajiri naomba mlione hili, kuna maswali ambayo hamsikii kwa sababu tunaogopa kuyauliza.

#28 Wakili Mtaratibu
Pole dada. Kiwango cha kimataifa ni wiki 14, Mkataba namba 183 wa 2000, na huo huo unapinga mtu kufukuzwa kwa sababu ya ujauzito. Njia ninayowashauri wengi: usiulize kwenye intavyu, subiri ofa ya maandishi, halafu omba kitabu cha sera za wafanyakazi usome kabla ya kusaini. Ukiomba kitabu kizima hakuna anayejua unatafuta ukurasa gani.

#29 Mzee wa Faili
#27 nimekusikia. Nitapendekeza sera zote ziambatane na ofa kwa kila mtu, asiwepo wa kuomba. Hiyo haina gharama yoyote.

#30 Ua la Jangwani
Asante sana mkuu.

#31 Jogoo la Asubuhi
Na pensheni? Hamjaitaja hata mara moja, ndo vijana hao.

#32 Binti Hesabu
Mzee Jogoo hapa nakuunga mkono kwa nguvu zote. Chukulia faida ya asilimia 7 kwa mwaka, pesa uliyoweka ukiwa na miaka 23 ukafika 63 imekuwa karibu mara 15. Ukiiweka ukiwa na 33 inakuwa kama mara 7 na nusu. Miaka kumi ya mwanzo ndo inayobeba nusu nzima. Na mwajiri akisema nachangia kiasi sawa na chako, ukikataa kuchangia umeacha sehemu ya mshahara wako mezani kwake.

#33 Dogo Msomi
Dada hesabu zako nzuri lakini asilimia 7 kila mwaka kwa miaka 40 nani ananihakikishia, na mfumuko wa bei je? Mara 15 ya wakati huo itanunua nini? Mimi mkopo wa masomo unanikata sasa hivi, unaniambia nikatwe tena kwa ajili ya mzee ambaye sijakutana naye.

#34 Binti Hesabu
Mfumuko ni kweli unakula, ndo maana uangalie faida baada ya kuutoa, itakuwa ndogo zaidi ila kuanza mapema bado kunashinda. Kuhusu mkopo una hoja. Marekani sheria ya mwaka 2022 ilifungua njia, kuanzia 2024 mwajiri anaweza kukuchangia kwenye akiba ya uzeeni kwa kuangalia unavyolipa mkopo wa masomo, yani ukilipa deni unahesabika kama umechangia. Mzee wa Faili hiyo ichunguze kama sheria za kwenu zinaruhusu, ingemfaa mtu kama Dogo.

#35 Dogo Msomi
Hiyo naisaini leo.

#36 Mwanatakwimu
Kuna maelezo mengine hatujayagusa. Labda tunaongelea mhitimu kama aina moja ya mtu wakati matakwa yake yanategemea amemaliza mwaka gani. Mchumi Lisa Kahn alichapisha utafiti mwaka 2010 kuhusu wanaume weupe wa Marekani waliomaliza chuo kati ya 1979 na 1989. Ukosefu wa ajira ukiwa juu kwa pointi moja ya asilimia mwaka wanaomaliza, mshahara wa mwanzo ulikuwa chini kwa asilimia 6 mpaka 7, na athari ilikuwa bado inaonekana miaka 15 baadaye. Kwahiyo aliyemaliza kazi zikiwa hakuna atataka usalama na mkataba mrefu, aliyemaliza kazi zikiwa nyingi atauliza kukua na uhuru. Mzee wa Faili anaweza kuwa anaona hali ya soko, akadhani anaona tabia ya kizazi.

#37 Fundi Mitambo
Hapo nakataa kidogo. Mwaka wa kumaliza ni mmoja, lakini nimewahi kupokea vijana wawili mwezi mmoja, chuo kimoja, darasa moja. Mmoja familia inamtegemea, mwingine kwao wanajiweza. Wa kwanza kila siku anauliza ovataimu, wa pili anauliza kozi. Nyumbani kwa mtu kunaamua kuliko soko.

#38 Sauti ya Chini
Na wale wanaoambiwa wajitolee kwanza bila malipo? Yule wa kwanza wa #37 hawezi hata kuingia mlangoni, wa pili ndo anapata huo uzoefu, halafu mwakani tangazo linasema tunataka mwenye uzoefu. Nani anamlipia mtu nauli aje akufanyie kazi?

#39 Fundi Mitambo
Hapo umesema kweli, nimeona wazuri wengi wakipotea kwa hilo.

#40 Kipepeo Mweusi
Wadau kabla uzi haujahama, rafiki yangu kapewa ofa nzuri, mafunzo ya kulipiwa na cheti juu, ila kuna kipengele akiondoka ndani ya miaka miwili arudishe gharama zote. Asaini?

#41 Wakili Mtaratibu
Aangalie vitu hivi. Gharama imeandikwa kwa tarakimu au wameacha "gharama zote"? Deni linapungua kadri anavyofanya kazi au akiondoka mwezi wa 23 analipa kama aliyeondoka mwezi wa pili? Wakimwachisha wao, bado analipa? Na mafunzo ni ya cheti anachoweza kukitumia kwingine au ni ya mifumo yao ya ndani tu? Kama ni ya ndani, sioni kwanini alipie mwajiri kumfundisha kazi ya mwajiri. Wakikataa kurekebisha hiyo ya deni kupungua, ajue wanataka kumfunga.

#42 Kipepeo Mweusi
Wameandika gharama zote, bila tarakimu. Na wanataka wakae na vyeti vyake halisi vya chuo mpaka miaka miwili iishe.

#43 Binti Hesabu
Vyeti asiviache kabisa!! Mimi nilishuhudia mtu ameshindwa kwenda intavyu nyingine kwa sababu cheti chake kimefungiwa kwenye kabati la ofisi na mwenye ufunguo kasafiri. Awape nakala zilizothibitishwa, vile halisi wavione kwa macho wamrudishie hapo hapo, na wakigoma awaombe waandike kwa barua kwanini wanavihitaji.